Ndoo, dumu au kiroba? Maswali yenu kuhusu vyombo vya kupandia nyanya

Barua za safari hii zimetoka Tabora na Kigoma, na karibu zote zinauliza chombo. Tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyaondoa.

Habari za kazi, wataalamu. Nina mbegu za Money Maker na za Tanya. Uani nina makopo kumi ya sado, ndoo tano za lita 10 na ndoo tatu za lita 20 zilizokuwa za rangi. Nipande ipi wapi?
*Mama wa Ipuli, Tabora*

Nzuri, mama. Anza na mbegu, kwa sababu ndiyo inayochagua chombo. Money Maker ni aina ndefu: haiachi kurefuka, inapita mita moja na nusu, na inatoa maua na matunda kwa miezi kadhaa mfululizo. Hiyo ipewe ndoo za lita 20, mche mmoja kila ndoo. Tanya ni fupi, hufika kimo chake ikatulia na kuivisha matunda yake karibu kwa pamoja. Lita 10 zinaitosha, nayo mche mmoja. Miche miwili kwenye ndoo moja haikupi mavuno mara mbili. Inagombania maji yale yale, na majani yanasongamana hadi ugonjwa unapata pa kukaa.

Sado ziache. Kopo la sado ni lita 4, na ukishaacha nafasi ya kumwagilia unabaki na udongo wa lita tatu na nusu, ambao maji yanayoweza kunyonywa na mizizi ndani yake ni kama lita moja tu. Money Maker yenye matunda, jua la Oktoba la Tabora, inakunywa lita 2 hadi 3 kwa siku. Asubuhi umemwagilia, saa sita imeshanyauka, jioni unamwagilia tena, na mmea unaishi kwa kupanda na kushuka namna hiyo mpaka maua yanapukutika. Sado zinafaa kukuzia miche kabla ya kuihamisha, au kwa mchicha na kitunguu cha majani.

Zaidi ya ujazo, tazama kina. Sentimita 30 ndicho kipimo kizuri, na kwa aina fupi usishuke chini ya 25. Beseni pana la lita 20 halilingani na ndoo ya lita 20 ingawa udongo ni ule ule, kwa sababu maji hukaa chini ya chombo na kwenye beseni hiyo chini iko karibu sana na shina.

Ndoo za rangi: kama ilikuwa rangi ya maji, acha ikauke, ibandue, osha kwa sabuni, basi. Kama ilikuwa rangi ya mafuta, au bado inanuka tina ya kuyeyushia rangi, usiitumie kwa chakula. Geuza ndoo utazame kitako chake: ndani ya pembetatu ndogo ukikuta namba 2 au 5, hiyo ni plastiki inayokubalika. Chombo kilichobeba dawa ya kuua wadudu, ya ng'ombe au ya shamba, hakisafishiki. Hata ukiosha mara kumi.

Udongo wa ndoo ya lita 20 uchanganye hivi: lita 9 za udongo wa juu wa bustani, lita 4 na nusu za samadi ya ng'ombe iliyooza hadi haina harufu wala joto, na lita 4 na nusu za pumba za mpunga zilizochomwa nusu zikawa nyeusi (zikifika kuwa majivu meupe umezidisha). Ukiwa na samadi ya kuku, tumia theluthi ya kipimo hicho, ni kali. Udongo wa Tabora mwingi una kichanga, hivyo usiongeze mchanga. Kwa anayechota udongo mweusi wa mbugani, huo ukikauka hupasuka na kuachana na ukuta wa ndoo, maji yakapita pembeni yakatokea chini huku mizizi haijalowa. Upunguze hadi lita 5 na ujazie pumba na samadi.

Jaza ukiacha sentimita 4 juu. Wiki ya kwanza udongo utashuka, ongezea. Fito ya mita moja na nusu ichomeke kabla ya mche, si baadaye ukachana mizizi.

Shikamooni. Huku Ujiji madumu ya mawese hayana kazi yakishaisha mafuta, tunayauza kwa bei ya bure. Nimeona mtu amelilaza dumu, akakata ubavu na kupanda mboga. Kwa nyanya inafaa? Na je, ni lazima kuweka kokoto chini ili maji yatoke?
*Kijana wa Ujiji, Kigoma*

Marahaba, mwanetu. Dumu lisimamishwe. Ukililaza unapata kina cha sentimita 20 hivi baada ya kukata, kinachotosha mchicha na figili, si nyanya. Likisimama, ukakata chini kidogo ya mahali mkono wa dumu unapoanzia, unabaki na kina cha zaidi ya sentimita 30 na ujazo wa lita 16 au 17. Hapo aina fupi itastarehe kabisa, na aina ndefu itakwenda kama wewe ni mtu wa kumwagilia bila kukosa.

Lakini mafuta kwanza, na yaoshe kabla hujakata, dumu likiwa bado na kifuniko. Tia lita 4 za maji ya moto yasiyochemka, vijiko vinne vya sabuni ya unga na konzi mbili za mchanga mkavu mnene. Tikisa kwa dakika tano ukifungua kifuniko mara kwa mara mvuke utoke, mwaga, rudia. Mchanga ndio unaokwangua pembe ambazo mkono haufiki. Kisha tia maji safi utazame ukuta wa ndani: maji yakitawanyika sawasawa limetakata, yakijikusanya matone matone bado kuna mafuta. Utando wa mawese ukibaki unafukuza maji kwenye udongo wa pembeni, tena unavuta siafu na panya.

Matundu yawe manane, kila moja upana wa sentimita 1. Msumari wa inchi 5 uliopashwa kwenye jiko la mkaa unatoboa vizuri; fanyia kazi hiyo nje, moshi wake mbaya. Manne yatoboe kwenye kitako na manne ubavuni, sentimita 2 kutoka chini. Haya ya ubavuni ndiyo watu wanayoyasahau. Dumu likikaa wiki tatu chini, matundu ya kitako huzibwa na tope au mizizi, na msimu wa mvua linakuwa kisima. Likalishe juu ya matofali mawili yaliyoachana.

Kokoto usiweke. Wengi wanaziweka, na ushauri huo umeandikwa kila mahali, lakini maji hayafanyi tunavyodhani. Udongo wenye chembe ndogo hauyaachii maji kuingia kwenye mawe makubwa mpaka wenyewe umeshiba kabisa. Kwa hiyo tope linalokaa chini ya kila chombo linabaki pale pale kwa unene ule ule, ila sasa limepanda juu ya kokoto, karibu zaidi na shina. Juu ya hapo umepoteza sentimita 5 za udongo. Weka kipande cha wavu wa dirisha juu ya matundu ili udongo usitoke, inatosha.

Jambo la mwisho kuhusu dumu la njano: linapitisha mwanga. Baada ya mwezi utaona ukijani wa mwani ndani ya ukuta, na mizizi haipendi mwanga. Lipake chokaa nje.

Miche yangu iko kwenye ndoo nyeusi mbele ya ukuta unaotazama magharibi. Saa nane majani yanalala, ukitia kidole udongo umelowa, jioni yanainuka. Na sasa matunda ya kwanza yana doa jeusi lililobonyea chini. Jirani ananiambia nisage maganda ya mayai.
*Msomaji wa Isevya, Tabora*

Mmea unaonyauka kwenye udongo uliolowa na kuinuka jioni, mara nyingi mizizi yake inaungua. Ndoo nyeusi inakula jua la mchana, na ukuta wa matofali nyuma yake unarudisha joto. Saa tisa chomeka kidole kwenye udongo ulioshikana na ukuta wa ndoo, upande wa magharibi. Ukishindwa kukiacha hapo, mizizi ya upande huo haifanyi kazi. Mizizi ya nyanya huanza kuzorota joto la udongo likipita nyuzi 30, na kufika 35 imekwama.

Hamishia ndoo upande wa mashariki wa nyumba, zipate jua la asubuhi hadi saa saba au saa nane. Nyanya inahitaji saa sita za jua kwa siku, na hizo zinatosha. Ikiwa huna pengine, paka ndoo chokaa nje: kilo 1 ya chokaa kwenye lita 2 za maji na konzi ya chumvi ili ishike, upake mara mbili. Usimwage chokaa hiyo kwenye udongo. Zisogeze ndoo zigusane zitiliane kivuli, na juu ya udongo tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5 bila kugusa shina.

Doa jeusi ni kuoza kitako. Si ugonjwa wa kuambukiza, ni tunda kukosa kalsiamu wakati linakua. Kalsiamu kwa kawaida imo kwenye udongo, lakini husafiri na maji tu, na mizizi ikiungua mchana au udongo ukikauka na kulowa kwa zamu, haifiki kwenye ncha ya tunda. Maganda ya mayai huchukua miezi kuoza, hayatakusaidia msimu huu, ingawa hayadhuru. Yatoe matunda yenye doa, hayaponi. Mwagilia kila asubuhi hadi maji yaanze kutoka kwenye matundu, na wakati wa joto kali ongeza kidogo saa kumi jioni. Kama umekuwa ukitia urea, acha: naitrojeni ya namna hiyo inasukuma majani na kuibania kalsiamu njia. Tumia NPK 17-17-17, kijiko cha chai kimoja cha kusawazisha kila wiki mbili kuanzia maua ya kwanza, umbali wa vidole vinne kutoka shinani, kwenye udongo uliolowa tayari.

Kama ndoo zako ni za lita 10 na nyanya ni ndefu, tiba halisi ni ndoo kubwa zaidi msimu ujao.

Tunalima tumbaku. Nyumbani kuna magunia ya juti yaliyofungia tumbaku na udongo mzuri mweusi uliobaki kwenye kitalu cha miche ya tumbaku. Naona ni mali ya bure. Nijaze nipande nyanya?
*Mkulima wa Urambo*

Ndugu yetu, vyote viwili hapana, na hili tunalisema kwa nguvu kuliko mengine yote humu.

Tumbaku na nyanya ni ukoo mmoja na zinaugua pamoja. Virusi vya batobato ya tumbaku hukaa hai kwenye majani makavu kwa miaka, na vumbi la majani hayo limejaa kwenye nyuzi za gunia. Havihitaji mdudu wa kuvibeba, mkono unatosha. Aliyetoka kupanga madaraja ya tumbaku, au kuvuta sigara ya kusokota, akaenda kupogolea machipukizi ya nyanya bila kunawa, anavipandikiza mche kwa mche. Utaona majani yenye mabaka ya kijani kibichi na kijani kilichofifia, yakijikunja na kuwa membamba. Dawa hakuna, ni kung'oa. Nawa kwa sabuni kabla ya kugusa miche, na maziwa yaliyoondolewa mafuta ukiyapaka mkononi huvidhoofisha virusi hivi. Kwa sababu hiyo hiyo usinyunyizie nyanya maji ya tumbaku kama dawa ya wadudu. Tena yana sumu, na unayekula nyanya ni wewe.

Udongo wa kitalu cha tumbaku una hatari nyingine mbili. Minyoo fundo, inayovimbisha mizizi ikawa na vinundu, huipenda tumbaku na nyanya kwa usawa. Na bakteria wa mnyauko. Mmea wa mnyauko huu hulala mchana, na baada ya siku chache hauinuki tena hata usiku, majani yakiwa bado ya kijani. Ukishuku, kata shina karibu na udongo, liweke kwenye glasi ya maji safi bila kulitikisa. Uzi mweupe kama wa maziwa ukianza kushuka kutoka kwenye kidonda ndani ya dakika chache, ni bakteria. Udongo wa ndoo hiyo usirudishwe bustanini. Ndoo isuguliwe, kisha ilowekwe kwenye jiki kipimo 1 kwa maji vipimo 9 kwa nusu saa, ioshwe na kukaushwa juani.

Chota udongo pasipowahi kulimwa tumbaku, nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo. Chini ya miti ya miombo, inchi sita za juu, unapatikana mzuri. Usipoamini udongo wako, uloweshe, uutandaze unene wa sentimita 15, uufunike kwa nailoni nyeupe inayopitisha jua na kuifukia kingo, wiki 6 za kiangazi. Joto linalojikusanya humo hupunguza minyoo na magonjwa mengi.

Viroba vya salfeti vya mchele ninavyo vingi. Vinafaa au vitaoza?
*Msomaji wa Nzega*

Vinafaa sana. Kiroba kinapumua pande zote, maji hayatuami, na mizizi ikifika ukutani hukauka ncha na kutoa matawi badala ya kujizungusha. Cha kilo 50 kikunje mdomo kwa nje hadi kibaki kimo cha sentimita 40, ujaze 35. Kwa upana ule utapata karibu lita 40, unaweza hata kupanda miche miwili ya aina fupi, hapo tunakubali. Pembe mbili za chini zisukume ndani kabla ya kujaza ili kisimame.

Hasara ni mbili. Kinakauka haraka kuliko ndoo kwa sababu upepo unakinyonya kote, na kiangazi chenu huko kina upepo. Na jua hulila salfeti: baada ya msimu mmoja, pengine miezi sita tu juani moja kwa moja, nyuzi zinameguka kama makapi. Ukikihamisha kikiwa kimejaa kinachanika mkononi, hivyo kiweke pale pale kitakapokaa. Kilichobeba mbolea kioshwe chumvi kwanza. Kilichobeba saruji kikung'ute na kukisuuza sana, saruji huufanya udongo kuwa wa chokaa na majani yakageuka njano.

Pumba za mpunga kwenu mnazo milima kwa milima mashineni, zitumieni.

Matairi? Debe la bati? Chungu? Na mvua ikinyesha, vyombo tuviweke wapi?
*Msomaji wa Mwanga, Kigoma*

Tairi hapana kwa chakula. Mpira ukichakaa huachia zinki na vitu vingine kwenye udongo, na joto lake ni baya. Panda maua.

Debe linakubalika kama halikubeba oili au dawa. Kutu haidhuru. Linachemka juani, kwa hiyo chokaa au kiroba nje.

Chungu cha udongo ndicho baridi kuliko vyote, kwa sababu maji hupenya ukutani na kukauka nje. Gharama yake ni maji hayo hayo. Kichague chenye mdomo mpana, usichukue mtungi, maana mizizi ikijaa tumboni hutautoa mche bila kuuvunja mtungi. Kilowekwe usiku kucha kabla ya kujaza.

Umeuliza pia kuhusu mvua. Sogeza vyombo upenuni majani yasilowe, ugonjwa wa bakajani huanzia hapo, lakini visikae kwenye mstari wa matone ya bati. Upenu usio na mfereji humwaga maji ya paa zima kwenye ndoo moja na kuchimba mizizi nje. Visahani vya kukingia maji chini ya vyombo viondoe. Kigoma hatuhitaji mazalia zaidi ya mbu.

Huwa nasafiri siku tatu kila mwezi. Kuna chombo kinachojimwagilia?
*Dada wa Cheyo, Tabora*

Kipo, unaweza kukitengeneza kwa ndoo mbili za lita 20 zinazofanana. Moja ikiingia ndani ya nyingine, kwa kawaida hubaki nafasi ya sentimita 5 hadi 7 chini. Ikiwa inazama hadi mwisho, weka vipande vya tofali. Nafasi hiyo ndiyo tangi.

Kwenye kitako cha ndoo ya ndani kata tundu la upana wa sentimita 8 katikati na upachike kopo dogo la plastiki lililotobolewa kila upande, lifike hadi chini ya tangi. Lishindilie udongo uliolowa, ndilo litakalovuta maji juu. Pembeni mwake toboa matundu madogo kumi na tano ya hewa, na tundu moja la bomba la inchi 1 linalopanda hadi juu ya udongo kwa kujazia. Ndoo ya nje toboa tundu moja ubavuni, sentimita 1 chini ya pale kitako cha ndoo ya ndani kinapofikia. Maji yakizidi yatatokea hapo, na ndilo linalozuia mizizi kuzama. Ukilisahau umetengeneza kinamasi. Mdomo wa bomba na tundu la ubavuni zifunge wavu dhidi ya mbu. Mchanganyiko uwe mwepesi, udongo usizidi theluthi, maana wa mfinyanzi ukivuta maji kutoka chini hubaki tope muda wote. Mara ya kwanza mwagilia kutoka juu ili kopo na udongo vishikane, ndipo uanze kujaza kwa bomba.

Tangi hilo lina lita 3 hivi. Kwa mche mchanga ni wiki. Kwa mche mrefu wenye matunda ni siku moja, au mbili kukiwa na mawingu, kwa hiyo siku tatu halikufikishi peke yake. Siku ya kuondoka mwagilia pia kutoka juu mpaka maji yatoke ubavuni, weka matandazo, na sogeza ndoo chini ya mwembe. Kivulini mmea hunywa nusu au pungufu. Kwa ndoo za kawaida, zikalishe kwenye beseni lenye maji ya kina cha sentimita 8, kivulini vilevile. Ukirudi, zitoe siku hiyo hiyo na umwage maji. Mizizi ya nyanya huvumilia siku tatu za namna hiyo, si wiki.